Jinsi NATO inavyonunua teknolojia na huduma: mwongozo kamili kwa wenye kampuni ndogo

Wadau, hii naiandika kwa ajili yenu mlioko Uholanzi, Uingereza, Kanada, Marekani, Ujerumani na kwingineko huko, mna kampuni zenu ndogo za IT, za usalama wa mtandao, za usafirishaji, za matengenezo, na kila mkisikia NATO mnadhani ni mambo ya Boeing na Airbus tu. Sio kweli. NATO inanunua laptopu, leseni za programu, nyaya, mafunzo, mafuta, chakula cha kambini, ukarabati wa majengo, mpaka wataalamu wa kukaa ofisini miezi kadhaa wanafanya uchambuzi wa mifumo. Shida ni kwamba watu wanabisha mlango usio wenyewe. Wanatuma imeili na broshua Brussels wakati mlango wao uko kwenye wizara ya nchi waliyosajili kampuni, na hilo mkilishika mapema mtaokoa muda mwingi sana.

Hatua ya 1: Jua nani ananunua na pesa ni ya nani

NATO ina nchi 32 tangu Sweden iingie Machi 2024, na silaha nyingi mnazoziona kwenye habari ni mali ya nchi moja moja, zimenunuliwa na wizara za ulinzi za nchi hizo kwa sheria zao wenyewe. Kwa hiyo mtu akikwambia "nauza kwa NATO" mara nyingi anauza kwa Ujerumani au kwa Poland, ambayo ni biashara nyingine na ina tenda zake.

Kinachonunuliwa na NATO yenyewe kinatoka kwenye mfuko wa pamoja ambao nchi zote zinachangia kwa mgao, na mwaka 2025 Marekani na Ujerumani kila moja ilibeba takribani asilimia 16. Mwaka 2025 mfuko huo ulikuwa kama yuro bilioni 4.6, ukigawanywa mafungu matatu, la kiraia la kuendesha makao makuu, la kijeshi, na la uwekezaji ambalo ndilo linajenga mifumo na miundombinu. Ukilinganisha na bajeti za ulinzi za nchi zenyewe hiyo ni hela ndogo, lakini kwa kampuni ya watu kumi na tano ni bahari.

Wanunuzi wakubwa ni wawili, washike vizuri kwa sababu taratibu zao ni tofauti.

NCIA ndio wakala wa mawasiliano na habari, ulianza Julai 2012 kwa kuunganisha ofisi kadhaa zilizokuwepo kabla, makao yake Brussels na vituo vikubwa viko The Hague na Mons. Mitandao, satelaiti, usalama wa mtandao, programu za kamandi, huduma za wingu, yote hayo ni ya hawa.

NSPA wako Capellen, Luxembourg, mizizi yao inaanzia 1958. Hawa ni wa vifaa, vipuri, mafuta, matengenezo, usafiri, na pia wananunua kwa niaba ya nchi kadhaa zinazoamua kuungana zipate bei nzuri. Mfano mzuri ni Januari 2024, Ujerumani, Uholanzi, Romania na Uhispania zilipitia NSPA kununua makombora ya Patriot mpaka 1,000, mkataba wa thamani ya kama dola bilioni 5.5. Hapo pesa sio ya mfuko wa pamoja, ni ya hizo nchi, NSPA ni mnunuzi wao tu.

Halafu elewa jambo moja ambalo watu wa kampuni za teknolojia wanalikosa: siku hizi muungano huu unapenda kununua huduma kuliko kununua kitu. Angalia satelaiti. Mwaka 2020 walikubaliana mpango wa miaka 15 wa kama yuro bilioni 1 ambapo Ufaransa, Italia, Uingereza na Marekani zinawapa uwezo wa mawasiliano kutoka kwenye satelaiti zao, NATO hairushi satelaiti yake. Ndege kubwa za mizigo nazo vilevile, kuna mpango wa SALIS ambapo nchi zinanunua saa za kuruka za Antonov kupitia NSPA badala ya kumiliki midege yenyewe. Kwa hiyo ukipanga cha kuuza, fikiria utakiendesha vipi kwa miaka, nani atapokea simu saa nane usiku, sio boksi la kukabidhi ukaondoka.

Hatua ya 2: Angalia kama unastahili kabla hujatumia hata senti

Kwa tenda za mfuko wa pamoja, kampuni lazima iwe imesajiliwa na inafanya kazi ndani ya nchi mwanachama inayochangia mradi huo. Kampuni iliyosajiliwa Nairobi, Dar au Kampala haiwezi kuwa mzabuni mkuu huko, hilo liko wazi. Ila kampuni ya Mkenya iliyosajiliwa Toronto ni kampuni ya Kanada kama nyingine.

Sasa hapa kuna mtego na nitaukalia kidogo kwa sababu unawahusu watu wetu moja kwa moja. Wengi mna ofisi Rotterdam au Birmingham lakini madevelopa wako nyumbani, ndio siri ya bei yenu kuwa nzuri. Kwenye mikataba ya NCIA kuna kifungu kinachosema kazi yote, pamoja na usanifu, nguvukazi na huduma, ifanywe na kampuni za nchi wanachama na ndani ya nchi wanachama, vifaa navyo mpaka vile visehemu vinavyotambulika visitengenezwe nje, na haki miliki ya programu ibaki ndani ya jumuiya hiyo, asilipwe mrabaha mtu wa nje. Na utasaini cheti cha asili ya vifaa, huduma na haki miliki. Ukisaini huku maombi ya msaada ya mteja yanajibiwa na kijana aliyeko Kinondoni umesaini uongo, na ukikamatwa mkataba unavunjwa na jina lako limekwisha. Kama modeli yako ya biashara inategemea timu ya nyumbani, itenganishe kabisa, kazi za NATO ziwe na timu yake huko huko, au achana nazo na utafute wateja wengine, hakuna njia ya katikati.

Pia uraia. Taarifa za siri za NATO kwa kawaida zinaonwa na raia wa nchi wanachama waliopewa kibali cha usalama na nchi zao. Mkenya mwenye uraia pacha wa Kanada hana shida ya kikatiba tangu Katiba ya 2010. Mtanzania mwenye ukaazi wa kudumu Uholanzi lakini bado ana pasi ya Tanzania hatapata kibali kirahisi, na kwa mtu mzima Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo huo ni uamuzi wa maisha, usiufanye kwa ajili ya tenda. Wapo ndugu zetu wazuri sana kwenye usalama wa mtandao ambao hapa ndipo wanapokwama na inauma, lakini ni bora kujua leo kuliko kujua baada ya kuandika zabuni miezi miwili.

Hatua ya 3: Jisajili

Kwanza pata namba ya NCAGE. Ni herufi na tarakimu tano zinazoitambulisha kampuni yako kwenye mfumo mzima wa NATO. Marekani unaipata ukijisajili SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wazabuni, nchi nyingine unaiomba kwa ofisi ya taifa ya uwekaji namba, kawaida iko chini ya wizara ya ulinzi. Ni bure. Narudia, ni bure, kuna watu wanatuma imeili zinazofanana kabisa na za serikali wanataka mamia ya dola "kuhuisha usajili wako", futa tu.

Ukishaipata, jisajili kwa NSPA kwenye orodha yao ya wazabuni kupitia tovuti yao ya manunuzi, halafu NCIA nao wana mfumo wao unaoitwa Neo. Aliyewahi kupambana na NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali kule Tanzania, hatashangaa, ni mafomu, vyeti, akaunti, subira. Kwenye kuchagua aina za bidhaa na huduma usijaze kila kitu, jaza unachokiweza kweli, maana ukialikwa mara kwa mara na hujibu wanaacha kukuona.

Hatua ya 4: Jenga uhusiano na wizara na ujumbe wa nchi yako

Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine zote zinaizunguka.

Mradi wa NATO unazaliwa taratibu mno. Makamanda wanasema tunahitaji kitu fulani, unaandikwa mpango, kamati za rasilimali zinapitia gharama, Kamati ya Uwekezaji yenye wajumbe wa nchi zote inaidhinisha pesa, na kazi inakabidhiwa kwa NCIA, NSPA au nchi moja mwanachama iisimamie. Yote hayo yanaweza kula miaka. Halafu tenda ikikaribia, mnunuzi anatoa taarifa ya nia, waraka mfupi wa kurasa chache unaosema tunataka kununua hiki, thamani ya makadirio ni hii, mwaliko utatoka mwezi fulani.

Hiyo taarifa inakwenda kwa ujumbe wa kila nchi. Kila nchi mwanachama ina ujumbe wake wa kudumu pale makao makuu Brussels na ndani yake kuna afisa wa mambo ya viwanda. Wewe ukitaka kushiriki, unamwandikia huyo afisa au wizara yako, unaomba tamko la kustahili, na serikali yako ndiyo inaiandikia NCIA kwamba kampuni hii ni ya kwetu, ina uwezo wa kifedha na kiufundi, na ina kibali cha usalama kama kinatakiwa. Bila hiyo barua hupewi nyaraka za tenda. Hata uwe na teknolojia bora Ulaya nzima.

Na barua ina tarehe ya mwisho. Kampuni nyingi zinaiona taarifa ikiwa imebaki siku tatu, afisa hajawahi kuwasikia, mhasibu wao yuko likizo, basi imeishia hapo. Kwa hiyo nenda kabla. Mwandikie afisa wakati hakuna tenda yoyote, mweleze kwa ukurasa mmoja kampuni inafanya nini, mahesabu yaliyokaguliwa, wateja wakubwa mliowahudumia, hali ya vibali. Mwulize nchi yako inataka viambatanisho gani kutoa hilo tamko maana kila nchi ina utaratibu wake. Siku taarifa ikitoka unatuma imeili ya mistari miwili na mnamalizana.

NCIA pia hutangaza mapema miradi wanayotarajia, na wana mkutano wao mkubwa na viwanda unaoitwa NATO Edge, zamani ulikuwa NITEC. Ukienda pale usiende kugawa kadi, nenda ukatafute kampuni kubwa tatu zinazoutaka mradi unaouona wewe, kwa sababu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Chagua njia ya kuingilia

Kwa kampuni ndogo kuwa mzabuni mkuu kwenye tenda ya kimataifa ya mamilioni mara ya kwanza ni kujitafutia presha. Kuna njia nyepesi.

Mkandarasi mdogo chini ya kampuni kubwa, hii ndiyo naipendekeza kwa wengi. Pia inatatua tatizo la kibali cha usalama cha kampuni, maana nchi nyingi huwezi kujiombea mwenyewe, lazima mwenye mkataba akudhamini kwamba anakuhitaji. Ngazi za siri ni RESTRICTED, CONFIDENTIAL, SECRET na juu kabisa COSMIC TOP SECRET, na kuanzia CONFIDENTIAL kampuni inatakiwa kuwa na kibali. Huna kibali hupati kazi, huna kazi hupati kibali, anayekutoa kwenye huo mzunguko ni mkandarasi mkuu.

Njia nyingine ni BOA, mkataba wa msingi wa kuagiza. Unakubaliana na NCIA masharti na bei za juu kabisa za bidhaa au huduma zako mapema, halafu wakihitaji kitu wanauliza bei kwa wenye BOA tu, haraka bila mzunguko mrefu. Na hapa nchi yako lazima ikuunge mkono. BOA haikuhakikishii oda hata moja ila inakuweka ndani ya chumba.

Kwa wenye kuuza utaalamu wa watu, kuna AAS+, mfumo wa NCIA wa kupata wataalamu, na kamandi ya NATO ya Norfolk kule Virginia na ile ya Mons nazo zina mikataba ya kuajiri wakandarasi kwa muda. Soma sifa za nafasi moja baada ya nyingine, zinahesabu miaka ya uzoefu kwa umakini na wasifu usioonyesha miezi unakatwa.

Wenye startapu, angalieni DIANA. Huu ni mpango wa NATO wa kulea ubunifu, una ofisi London na Halifax, na kundi la kwanza la kampuni 44 lilitangazwa mwishoni mwa 2023, kila moja ikapewa yuro 100,000 bila kuchukuliwa hisa, na zilizoendelea awamu ya pili ziliweza kupata mpaka 300,000 zaidi. Waliomba zaidi ya 1,300 kwa hiyo ushindani ni mkali, ila makaratasi ni mepesi kuliko tenda yoyote.

Hatua ya 6: Soma mwaliko wa zabuni kama mkaguzi

Mwaliko wa NCIA kwa kawaida una sehemu mbili kubwa, maelekezo ya kuzabuni, na mkataba mtarajiwa wenyewe ukiwa na jedwali la vitu na bei, masharti maalum, masharti ya jumla na maelezo ya kazi. Watu wanarukia maelezo ya kazi kwa sababu ndiyo yanavutia. Anza na maelekezo.

Fanya hivi. Fungua spredishiti, kila dai kwenye maelezo ya kazi lina namba yake, lichukue hilo dai lote kama lilivyo uliweke kwenye mstari wake, pembeni andika tunakidhi au hatukidhi, halafu ukurasa na aya ya zabuni yako unapojibu. Madai yanaweza kuwa mia tano, sawa, andika mia tano. Mtathmini anasoma zabuni yako na hiyo orodha mkononi, asipokuta jibu pale ulipomwelekeza hana ruhusa ya kukukisia kwamba bila shaka unaweza. Na "tunakidhi" peke yake sio jibu, sema kwa kifaa gani, kwa utaratibu gani, nani atafanya.

Halafu kuna vyeti. Jina halali la kampuni, kwamba umepokea marekebisho yote ya mwaliko, kwamba bei umeipanga mwenyewe bila kula njama na washindani, muda wa zabuni kuwa hai, kutokuwemo kodi, kukubali masharti yote, kukidhi AQAP 2110 ambacho ni kiwango cha ubora cha NATO, orodha ya wakandarasi wadogo, watumishi muhimu, waliowahi kufanya kazi kwenye wakala huo. Kila kimoja kinasainiwa. Cheti kimoja kukosa sahihi kinaweza kukutoa kabla hata bei yako haijatazamwa, na huo ndio msiba wa kampuni ndogo, kwamba zinaanguka kwenye makaratasi wakati kazi wanaiweza vizuri tu. Mpe mtu mmoja asiyehusika na uandishi kazi ya kukagua vyeti peke yake.

Maswali yaulizwe mapema, kuna tarehe ya mwisho ya maswali na majibu yanakwenda kwa wazabuni wote, kwa hiyo uliza kwa namna isiyofichua mbinu yako. Usimpigie simu mtu unayemfahamu ndani. Mei 2025 waendesha mashtaka wa Ubelgiji walitangaza kuwakamata watu kwenye uchunguzi wa madai kwamba taarifa za zabuni za NSPA zilivuja kwa kampuni, na wakala wenyewe ukasema ndio ulioanzisha uchunguzi huo. Mawasiliano yote yapite kwa afisa mkataba aliyetajwa, kwa maandishi.

Hatua ya 7: Bei

Bei ni ya kudumu, haipandi katikati. Haina VAT wala ushuru kwa sababu NATO imesamehewa, ukiweka VAT umejipandishia mwenyewe. Unaweza kutaja bei kwa sarafu ya nchi mwanachama inayoshiriki, wao wanabadilisha kuwa yuro kwa kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya cha siku ya kazi iliyotangulia kufungwa kwa zabuni ili walinganishe.

Jaza kila seli kwenye jedwali lao, usibadilishe fomula, na usiweke maelezo kama "bei hii itategemea hali ya site" au "haijumuishi usafiri", hiyo ni bei yenye masharti na inatupwa. Kama una wasiwasi kuhusu site, uliza swali kwenye muda wa maswali au ubebe hatari hiyo ndani ya bei. Na hesabu vizuri gharama za pesa kukaa nje, nitaeleza chini.

Hatua ya 8: Wanavyochagua

Kuna namna mbili kuu na mwaliko utasema ni ipi. Ya kwanza ni bei ya chini kabisa inayokidhi vigezo: kwa kawaida wanahakiki makaratasi, wanafungua bei, yule wa chini ndiye anayesomwa kiufundi, akifaulu biashara imekwisha. Hapa usiongeze mapambo, hakuna alama za ziada, kila kitu cha ziada ni gharama inayokuangusha. Ya pili ni thamani bora, ambapo ufundi unapewa alama kwanza na bei inaingizwa kwenye fomula kwa uzito uliotangazwa. Hapa ndipo timu nzuri na mbinu nzuri zinalipa.

Ukishindwa omba maelezo, unayo haki ya kujua ulipungukiwa wapi, na hayo maelezo ni dhahabu kwa zabuni ijayo. Ukiona umeonewa, malalamiko yanapitia kwa mnunuzi na kisha ujumbe wa nchi yako, sio mahakamani, maana NATO ina kinga. Kwa mara nyingine utaona umuhimu wa yule afisa wa hatua ya 4.

Hatua ya 9: Umeshinda, sasa usife njaa

Malipo yanakuja kwa hatua za kazi zilizokubaliwa kwa sahihi. Umefunga mfumo, wameujaribu, kasoro zimeorodheshwa, umerekebisha, wamesaini kuupokea, ndipo unatuma invoisi. Kasoro moja kubwa inaweza kusogeza sahihi miezi na mishahara yako inaendelea. Mikataba mingi inadai dhamana ya utekelezaji kutoka benki, na benki inazuia pesa zako au inataka rehani, kwa hiyo zungumza na benki kabla ya kuzabuni, wengine wameshinda tenda wakakosa dhamana. Ukichelewa kuna tozo ya kila siku.

Kama ni mkandarasi mdogo, soma kifungu cha malipo kwenye mkataba wako na mkubwa wako. Kama kinasema utalipwa baada ya yeye kulipwa, jadiliana kiwe na ukomo wa siku, hata kama atakununia. Na masharti ya usalama aliyosaini yeye yanakushukia wewe mpaka fundi wa mwisho, ukibadilisha mtu mmoja kwenye timu mwandikie siku hiyo hiyo.

Kwa anayeanza kesho asubuhi: NCAGE kwanza, halafu ukurasa mmoja wa kampuni, halafu imeili kwa afisa wa viwanda wa ujumbe wa nchi yako Brussels.